Majuma Mawili Kati ya Mvua na Baridi

Kama unaamka asubuhi vidole vimekaza kana kwamba si vyako, unavikunja vinakataa, na watu wa nyumbani wanakuambia ni baridi tu itapita, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mganga. Ni mshonaji wa mtaa wa Kapata, hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, nina miaka arobaini na moja, na huu ni mwaka wa tatu naugua viungo. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi, kwa sababu hata waliousomea walinieleza nisielewe. Nitakueleza jinsi nilivyoishi nao, na kosa nililolifanya.

Ulianza mvua zikiwa zinaisha, mwezi wa nne. Nilikuwa nakata kitambaa cha mteja, mkasi ukaniponyoka. Nikauokota, ukaniponyoka tena. Siku hiyo nilicheka. Baada ya juma moja nilikuwa nashindwa kupitisha uzi katika tundu la sindano, na binti yangu Ruth, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyenipitishia kabla ya kwenda shule.

Mwezi wa tano mvua inakatika kwetu, na kwa siku chache tu hewa inageuka. Asubuhi watu wanakwenda kazini wakitoa moshi mdomoni, wamejifunga makoti yote waliyonayo. Baridi hiyo niliijua tangu utoto, na sikuwahi kuiogopa. Mwaka ule iliingia ndani ya vifundo vya mikono ikakaa. Nilikuwa naamka saa kumi na moja ili mpaka saa moja vidole viwe vimelegea kidogo, niweze kushika kikombe.

Mume wangu, Célestin, ni fundi wa magari makubwa katika kampuni moja ya mgodi. Mwezi wa sita kidole changu cha pete kilivimba hadi pete ikazama katika nyama. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya mawese. Mwishowe alileta koleo ndogo ya kazini, akaketi mbele yangu mezani, akaushika mkono wangu.

“Angalia kule,” alisema.

“Kata tu.”

“Mama Ruth, nakuomba, angalia kule.”

Niligeukia ukuta. Nilisikia mlio mdogo, kisha baridi ya hewa mahali pete ilipokuwa imekaa miaka kumi na minne. Aliikunja ndani ya karatasi, akaiweka kabatini, na hatukuitaja tena.

Kilichonichosha kuliko maumivu ni kungoja. Mwezi wa nane, vumbi la malori ya madini likiwa limepaka majani yote ya Kapata rangi moja, nilianza kwenda hospitali. Ukifika unapewa kipande cha katoni chenye namba, unakaa kwenye benchi la mbao katika ukumbi, na unatazama mlango. Waliotoka mtaa wa Musonoi walikuwa wamefika kabla ya jua. Wengine walikuwa wamelala palepale. Siku moja nilikuwa na chupa ya maji niliyoshindwa kuifungua, nimeiweka mapajani nikiitazama tu. Mama mmoja mwenye miguu iliyovimba aliichukua bila kuniuliza, akaifungua, akanirudishia, akaendelea kutazama mlango. Sikuwahi kumjua jina. Nimekutana na wema mkubwa kuliko huo, lakini huo ndio ninaoukumbuka nikiwa na uchungu.

Damu yangu ilipelekwa maabara ya Lubumbashi. Majibu yalirudi baada ya majuma matatu. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alisogeza kiti chake karibu.

“Mama, hii ni polyarthrite. Mwili yako yenyewe njo inapiga biungo yako. Haitaisha kabisa, lakini tunaweza kuituliza. Nitakupatia dawa ya kumeza mara moja tu kwa juma, na tutapima damu kila mwezi.” Alinitazama usoni. “Na kitu kimoja: usibebe mimba na hii dawa. Inaharibu mutoto.”

Niliitikia kwa kichwa. Hakuona kilichonipita moyoni. Baada ya Ruth nilipoteza mimba mbili, na tulikuwa bado tunangoja. Mama mkwe wangu, anayeuza samaki wakavu sokoni Musonoi, alikuwa akiomba mjukuu wa kiume wa kubeba jina la marehemu mumewe. Kila alipokuja kwetu alinitazama tumbo kabla ya uso.

Nilianza vidonge. Nilimeza Jumapili, na Jumatatu nilitapika. Nywele zilibaki kwenye kitana, nikaanza kufunga kitambaa hata ndani ya nyumba. Mama mkwe alipojua kwamba dawa hairuhusu mimba, alisema mbele ya Célestin, “Dawa gani hii ya kufunga tumbo ya bibi ya muntu? Munganga gani huyu?” Célestin alinyamaza. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kwake, na sikumwambia.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mwezi wa kumi, alikuja mteja mpya, mama wa Kihindi aliyeitwa Saroja, mke wa mhasibu wa duka moja kubwa mjini. Alitaka blauzi fupi za kuvaa na sari. Sikuwahi kuzishona, lakini sikuweza kukataa kazi. Nilipompima mabega, mita iliniponyoka mara mbili. Aliinama akaiokota, kisha akashika mkono wangu, akaugeuza.

“Asubuhi inakaza?”

“Saa mbili nzima, madame.”

“Mama yangu pia,” alisema. “Miaka makumi tatu.”

“Alipona?”

“Hapana. Lakini alipika mpaka siku ya mwisho.”

Nilimpenda kwa jibu hilo. Watu wote waliokuwa wamenijia hadi siku ile walikuwa wameniahidi kupona: wenye mizizi, wenye maji ya maombi, jirani mwenye chai yake. Yeye hakuniahidi kitu.

Alirudi siku ya tatu, si kwa ajili ya blauzi, bali na chupa ya mafuta ya ufuta na bakuli la chuma. Kwao kusini mwa India, alisema, elimu hii ya kuutunza mwili inaitwa Ayurveda. Ilikuwa na majina yake ya upepo, moto na maji yaliyomo ndani ya mtu. Sikuyashika, naye hakunilazimisha. Alinionyesha kwa mikono. Bakuli la mafuta unalitia ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yawe na joto la mwili. Unapaka asubuhi kabla ya kuoga, mistari mirefu juu ya mifupa mirefu, mizunguko juu ya viungo, bila kukandamiza. Unangoja. Unaoga maji ya uvuguvugu.

“Lakini kiungo kikiwa moto na nyekundu,” alisema, akainua kidole kama mwalimu, “hapana mafuta. Kabisa. Siku ile unapumuzisha.”

Maji ya kunywa yawe ya moto, kidogo kidogo, yenye tangawizi. Chakula kiwe kimepikwa siku hiyohiyo. Bukari, yaani ugali wetu, ile ya jana iliyopoa, ambayo mimi niliipenda na chai, niiache. Kulala na kuamka kwa saa zilezile, hata Jumapili.

Kisha alichukua karatasi yangu ya kukatia mitindo, akaniuliza mwaka wa Kolwezi unakwendaje. Nilimwambia: mvua, kisha baridi, kisha vumbi na joto, kisha mvua tena. Akachora mstari, akaugawanya mara tatu, na kwenye kila mpaka akaweka nukta.

“Hapa, na hapa, na hapa. Hapa njo watu banaanguka. Siku saba ya kuacha, siku saba ya kuanza. Mwili haipendi haraka.”

Maana yake ilikuwa kwamba majira yakigeuka, nisigeuke nayo kwa siku moja. Nivae sweta kabla baridi haijanikuta. Nipunguze maembe na maji baridi kidogo kila siku, niongeze supu na tangawizi kidogo kila siku. Nisipokee kazi nyingi katika majuma hayo mawili. Joto la vumbi likija, nibadilishe mafuta ya ufuta kwa ya nazi, nayo polepole.

Nilifanya yote. Asubuhi zile za mvua, bati likipigwa juu, nilikaa kwenye kigoda chumbani nikijipaka, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuugua niliigusa miguu yangu bila chuki. Mwaka mpya ulipoanza, mwezi wa kwanza, nilikuwa nakaza kwa nusu saa tu. Nilipitisha uzi mwenyewe. Ruth alipiga makofi.

Hapa ndipo kosa langu lilipo.

Jumapili moja nilikishika kidonge mkononi, nikafikiri: ni mafuta. Ni mafuta na maji ya moto, si hivi vinavyonitapisha. Na nikiviacha sasa, kufikia mwisho wa mwaka ninaweza kubeba mimba. Nilikirudisha ndani ya kichupa. Sikumwambia Célestin. Sikumwambia Saroja, aliyekuwa akija kila Alhamisi. Siku ya kupima damu sikwenda, na iliyofuata sikwenda.

Mwezi wa pili nilikuwa mzima. Wa tatu pia. Nilishona nguo za Pasaka za familia nne, nikaimba nikishona. Mama mkwe alikuja, akaona uso wangu umejaa, akatabasamu. Ninaukumbuka mwezi ule wa tatu kama mtu anavyokumbuka nyumba aliyowahi kukaa.

Mvua zilipoanza kupungua nilitazama karatasi ya Saroja iliyobandikwa ukutani, nikaanza siku zangu saba. Sweta, supu, tangawizi, mafuta. Sikuruka hata asubuhi moja. Siku ya tisa goti la kulia lilivimba. Siku ya kumi na moja mabega yalifunga, nikashindwa kuinua mikono hadi kichwani. Siku ya kumi na tatu niliamka taya limekaza, mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole. Ruth alininywesha uji kwa kijiko cha chai, na mwingi ulishuka shingoni. Hakulia mbele yangu. Nilimsikia akilia nje alipokuwa akiosha bakuli.

Célestin alinibeba hadi kwenye gari la jirani. Njiani alirudia neno moja, “Sasa hivi, sasa hivi,” kama anayemtuliza mtoto.

Daktari alipiga magoti kando ya kitanda, akanigusa kila kiungo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, “Uliacha dawa tangu lini?”

Célestin alisema, “Hajaacha, dokta. Anakunywaka kila Jumapili.”

Sikuweza kufungua mdomo vizuri, lakini nilionyesha vidole vinne. Miezi minne. Célestin alivitazama vidole hivyo, akasimama, akatoka kwenda ukumbini. Daktari aliingoja hasira yake mwenyewe ipite.

“Ni juu ya mutoto?” aliuliza.

Nilifumba macho.

“Mama, ungeniambia. Kuko dawa zingine. Tungepanga pamoja, pole pole. Juu ya nini haukuniambia?”

Nilikuwa nimejifunza kuugeuza mwili wangu kwa siku saba na siku saba, lakini kusema jambo moja kwa watu watatu kulinishinda.

Nilikaa hospitali majuma matano. Nilisikia baridi yote ya mwezi wa sita ikipita chini ya mlango. Célestin alikuja kila siku baada ya kazi, akaleta chakula, akanisafisha, akaondoka, na hakuzungumza zaidi ya yaliyolazimu. Alinigeuza kitandani kwa uangalifu mkubwa, akiutazama ukuta. Nilijua kwamba hakunichukia. Hilo halikupunguza kitu.

Saroja alikuja akiwa na sweta juu ya sari. Alipoambiwa, alikaa kwenye kiti akafunika uso kwa mikono.

“Mi nilisema uache dawa?” aliuliza. “Siku moja nilisema?”

“Hapana.”

“Mama yangu alikunywa dawa ya daktari kila juma. Mafuta ilikuwa ya kuishi na ile mwili. Mi nilifikiri unajua.” Alilia. Mimi ndimi niliyekuwa mgonjwa, na nililazimika kumbembeleza kwa mdomo usiofunguka.

Hakuniletea mafuta siku hiyo. Viungo vilikuwa vya moto, na alikuwa amesema hapana mafuta kabisa. Badala yake alimfundisha Célestin kukaanga mchanga mkavu, kuufunga ndani ya kitambaa, kuupima kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha kuuweka juu ya misuli iliyokaza, si juu ya uvimbe. Alimwomba daktari ruhusa, na daktari alikubali. Niliporudi nyumbani mwezi wa saba, majirani walimwona mume wangu uani akikoroga mchanga kwenye sufuria, na mmoja akamuuliza kama samaki wameadimika kiasi hicho. Célestin alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vidole vinne.

Jioni hiyohiyo alizungumza. Alikuwa ameniwekea mchanga mgongoni, kwa hiyo hatukuonana uso.

“Ulifikiri nitakufukuza?”

“Nilifikiri mama yako…”

“Mi si mama.” Aliusogeza mchanga. “Mi sitaki tena mutoto, Mama Ruth. Hata dokta aseme inawezekana. Nimekuona pale. Siwezi kukuona vile mara ya pili.”

Nililia, na sikujua kama nalia kwa faraja au kwa ajili ya yule mtoto tuliyekuwa tukimngoja. Kwa yote mawili, nadhani. Hadi leo kuna siku ninamfikiria.

Mwezi wa tisa mkataba wa mume wa Saroja uliisha, wakarudi kwao. Aliniachia chupa tatu za mafuta. Mwanzoni alinipigia simu kila juma, kisha kila mwezi, kisha ujumbe wa Noeli. Simlaumu. Watu wanaokuja Kolwezi kwa ajili ya kazi huondoka kazi ikiisha, tumezoea. Lakini Alhamisi bado huwa nasikiliza mlango.

Sikuweza kurudia kushona kama zamani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda kuelekea nje na havitanyooka. Ninakata na kupima, na msichana niliyemfundisha anaketi kwenye mashine. Vidonge ninavimeza kila Jumapili, na Jumatatu ninajipa ruhusa ya kuwa mgonjwa. Damu ninapima. Mafuta ninapaka, maji ya moto ninakunywa, na majira yakigeuka nageuka taratibu. Ukiniuliza kipi kinanisaidia, nitakuambia vidonge vinauzuia ugonjwa usinile, na yale mengine yananifanya nikae ndani ya mwili huu bila kuuchukia. Usiache kimoja kwa ajili ya kingine. Na kama kuna jambo unalolitaka, mtoto au kazi au safari, mwambie anayekutibu kabla hujaamua peke yako Jumapili asubuhi.

Mwaka huu majuma mawili ya mwezi wa tano yalipita nikiwa nimesimama. Nilikaza, niliumwa, siku mbili sikutoka kitandani. Lakini yalipita.

Mwezi wa sita mama mkwe alikuja kula nasi baada ya ibada. Alikuwa amekonda, akikohoa kwa vumbi la soko. Tulipomaliza kula alianza tena maneno ya jina la marehemu, kwamba litapotea, kwamba yeye anazeeka. Nilishusha macho kwenye sahani. Célestin aliosha mikono, akaifuta, akasema:

“Mama, hatutazaa tena. Na si yeye. Mi njo nimekatala.”

“We?”

“Mi. Usimuulize tena. Uniulize mi.”

Ruth aliinuka akakusanya sahani bila kuambiwa. Mama mkwe alibaki ameketi, mikono mapajani, mikono mikavu ya mtu aliyeshika samaki na chumvi maisha yake yote. Nilingoja aondoke. Alipoinuka alikwenda chumbani kwetu, akarudi na chupa ya mafuta. Hakuyapasha moto; hakujua. Aliketi kando yangu kwenye mkeka, akamimina mengi mno kiganjani.

“Leta,” alisema.

Nilimpa mkono wa kulia. Alianza kusugua kwa nguvu, kama anavyosugua sufuria, akavipita vile vidole vilivyopinda, akavirudia, akijaribu kuvinyoosha. Alikuwa haniangalii. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha.

Aliniumiza sana. Sikumwambia. Alipomaliza mkono wa kulia, nikampa wa kushoto.